Mstari Mmoja kwenye Kadi ya Mzee Tweve

Haya, sogeeni. Aliyekuja na usingizi wake akae nao huko nyuma, asituambukize. Hadithi yangu ya leo haina sungura wala jini, na hakuna atakayeozwa binti wa mfalme. Ina watu wanne na kadi moja ya hospitali. Mimi nitawafikisha katikati ya njia, mwisho mtautafuta wenyewe, na nawaonya mapema: sijawahi kuisimulia mahali nikaondoka bila kuacha watu wanagombana.

Palikuwa na kituo cha afya huko juu milimani, kwenye nchi ya viazi na pareto, ambako watu huvaa makoti mpaka saa sita mchana. Kituo chenyewe kilikuwa na tabibu mmoja, nesi mmoja na gari moja la wagonjwa. Gari likiondoka na tabibu ndani yake, anabaki nesi na Mungu wake.

Pale kituoni kulikuwa na watu watatu wenye vipaji, na kila mmoja alikuwa mpweke kwa namna yake.

Wa kwanza ni Kenani Ndelwa, dobi. Kipaji chake kilikuwa mikono. Yale mablanketi mazito ya wodini, ambayo wanaume wawili huyakamua wakivutana, yeye aliyakamua peke yake, na yakitoka hapo hayadondoshi tone. Mkewe alirudi kwao mwaka wa tatu wa ndoa bila kusema kwa nini, na Kenani hakwenda kuuliza. Alilala chumba cha nyuma ya kufulia. Ilikuwa inaweza kupita Jumatatu mpaka Jumatano hajatamka kitu zaidi ya "weka hapo" na "asante".

Wa pili ni Nyamizi, nesi. Huyu alizaliwa Nzega, kwenye jua na vumbi, serikali ikampangia kazi kwenye baridi. Kipaji chake kilikuwa kuona mshipa. Mnajua watu wa baridi mishipa yao hujificha. Nyamizi alipapasa kwa kidole kimoja, akanyamaza kidogo, sindano ikaingia mara moja tu. Akina mama walimsifu sana. Lakini miaka sita alikaa pale, na hakuna aliyewahi kumwambia karibu chai. Akifika bombani kuchota maji, wanawake waliokuwa wakicheka kwa Kikinga, lugha ya mlima ule, wananyamaza na kumpisha kwa heshima. Heshima ile ilimuuma. Bora wangemtukana, angalau angejua wanamwona.

Wa tatu ni Bibi Keziya Chaula, kipofu. Yeye hakuajiriwa na mtu. Alikuja kila siku kukaa kwenye baraza ya kituo, akifuma kofia za sufu za watoto wachanga. Kipaji chake kilikuwa kuhesabu. Alihesabu hatua za kutoka nyumbani kwake, alihesabu mafundo ya kofia huku anaongea na wewe, na ukimuuliza umekaa muda gani atakwambia dakika kumi na saba, ukitazama saa yako ni kumi na saba. Wanawe wote wawili aliwazika. Alikuja barazani kwa sababu pale miguu ya watu inapita.

Sasa Nyamizi alikuwa na akili. Alijua ipo siku moyo wa mtu utasimama na tabibu hayupo. Basi kila Ijumaa baada ya kazi aliwaita dobi na kipofu, akalaza gunia la viazi sakafuni, akawafundisha: wewe bonyeza hapa, kwa nguvu na kwa haraka, wewe shika huu mfuko wa mpira, ziba mdomo na pua kwa kikombe chake, hesabu mibonyezo thelathini ya mwenzako kisha minya mara mbili pumzi iingie. Msicheke. Kijiji kizima kilicheka, kikasema nesi wa Nzega anafundisha dobi na kipofu kufufua viazi. Waliendelea miaka miwili. Na niwaambie jambo ambalo wao hawakuambiana: kila mmoja aliingoja Ijumaa kuliko watu wanavyongoja mshahara, maana ndiyo saa pekee ya wiki aliyoitwa kwa jina na mtu aliyefurahi kumwona.

Wa nne ni Mzee Obadia Tweve. Kazi yake ilikuwa kupima mvua. Alikaa peke yake juu kabisa mlimani, na kila siku saa tatu asubuhi alitazama kile chombo, akapiga simu, akasoma namba. Upande wa pili mtu anasema "nimepokea" na kukata. Miaka thelathini hivyo. Mkewe alifariki akiwa hajamwachia mtoto, na tangu hapo ilikuwa miaka kumi na mmoja. Mara moja kwa mwezi alishuka kituoni kuchukua dawa za presha, akakaa mwisho wa benchi, akasalimia, akapanda tena.

Ikawa Jumanne moja, ukungu umetanda, tabibu ameondoka na gari kumpeleka mama mwenye uchungu hospitali ya wilaya. Nyamizi akaita, "Obadia Tweve." Mzee akasimama, akapiga hatua moja, akaanguka. Nyamizi akaweka vidole shingoni. Hakuna kitu.

Alipowaita wale wawili wa Ijumaa, Kenani alikuja anadondosha maji ya sabuni. Akapiga magoti, akaweka viganja katikati ya kifua, akaanza. Moyo wa mtu ukisimama, damu haina wa kuisukuma, na mikono ya yule anayebonyeza ndiyo inakuwa moyo. Viazi haviumii, lakini mzee ana mifupa. Mara ya ishirini ubavu ukalia, na Kenani akainua mikono kwa woga. Nyamizi akamwambia endelea, ubavu utaunga. Akaendelea huku analia. Ukalia na wa pili, naye hakuacha. Hapakuwa na mtu wa kumpokea. Dakika tatu tu za kazi ile mwanamume mwenye afya anaomba maji. Kenani alikwenda kumi na nne, mpaka mabega yakawa yanatetemeka yenyewe, na kina cha kubonyeza hakikupungua.

Nyamizi naye alipiga goti upande wa mkono. Mshipa wa mtu ambaye moyo umesimama umelala bapa kama kamba iliyolowa. Wengi wangechoma mara tano wakakosa. Yeye alipapasa, akanyamaza, sindano ikaingia. Sasa kwenye sahani ya dharura kulikuwa na vichupa vitatu tu vya adrenalini. Shehena ya mwezi ilikuwa haijafika. Dawa hiyo hubana mishipa ili damu inayosukumwa na mikono iende kwenye moyo wenyewe na kwenye ubongo, na huushtua moyo uliolala. Akavunja shingo ya kichupa cha kwanza, akachoma, akaisukuma kwa maji ya dripu, akainua mkono wa mzee juu. Moyo kimya. Akatoa cha pili kwa wakati wake. Kimya. Kikabaki kimoja. Hapo akasita, na mimi simlaumu. Ndicho kilichobaki kwa mlima mzima. Kesho akiletwa mtoto anayekufa, atamchoma nini? Na aliyelala pale ni mzee ambaye hata akifa hakuna wa kuja kumlilia nesi mlangoni. Akakivunja, akampa.

Bibi Keziya alikaa kichwani pa mzee. Mkono mmoja umekandamiza kikombe juu ya mdomo na pua, mwingine umeshika mfuko, na mdomo unahesabu: thelathini za Kenani, pumzi mbili, thelathini, pumzi mbili. Wakati huohuo, kwenye chumba kingine cha kichwa chake, alikuwa anahesabu dakika. Mafunzo ya Ijumaa yalisema dawa irudiwe kila dakika nne, na saa ya ukutani ilikuwa imekufa betri tangu Krismasi. Baada ya ile sindano ya kwanza Nyamizi alichanganyikiwa. Ndiyo, nesi mwenyewe. Bibi Keziya akasikia kioo cha kichupa cha pili kinavunjika.

"Mwanangu, haijafika hata dakika moja na nusu."

"Mama, anakufa huyu."

"Anakufa, na dawa yako unaimwaga. Bado."

Nyamizi akashika bomba la sindano hewani, anamsubiri kipofu amwambie. Angeachiwa, vichupa vyote vitatu vingeisha kabla ya dakika ya tano na moyo haujapata nafasi ya kusikia hata kimoja. Kenani naye alipoanza kwenda mbio kwa hofu kwamba anabonyeza bure tu, Bibi alipandisha sauti ya hesabu mpaka akarudi kwenye mwendo. Hivyo ndivyo walivyokwenda, watatu juu ya mwili mmoja.

Dakika ya kumi na nne Nyamizi akaweka vidole shingoni, akakaa navyo. Akasema, "Upo." Kenani akaanguka chali sakafuni. Bibi Keziya aliendelea kuhesabu, maana hakuamini.

Gari likarudi, likamchukua mzee. Akakaa wilayani wiki tatu, kisha wakamrudisha kituoni amalizie kupona. Hakuna aliyekuja kumtazama. Siwadanganyi: hakuja hata mmoja. Isipokuwa asubuhi dobi anamletea maji ya moto ya kuoga ambayo hakutumwa, mchana nesi anakuja na sahani yake mwenyewe kula kando ya kitanda, na jioni kipofu anakuja kumwambia amekaa dakika ngapi bila kukohoa. Kila mmoja alikuja kwa saa yake, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake anayekuja.

Siku ya kuruhusiwa tabibu akaja na kadi. Bwana Luvanda jina lake, mtu wa taratibu. Akajaza jina, umri, kijiji. Kisha akafika kwenye ule mstari unaosema *Jina la ndugu wa karibu*. Mzee akamwambia piga alama tu, kama siku zote.

Tabibu akasema safari hii hapana. Moyo uliokwisha kusimama mara moja haurudi kukaa mlimani peke yake. Lazima aandikwe mtu mmoja, akae naye nyumba moja, ampe dawa, na siku mbaya ikifika awe ndiye anayeulizwa. Bila jina hilo kitanda hiki ndicho nyumba yake.

Mzee akaomba waitwe wale watatu, wakaja, wakasimama miguuni mwa kitanda. Akawaambia ana nyumba ya vyumba viwili, na kimoja ni kitupu miaka kumi na mmoja.

"Nimeogopa kitu kimoja tu," akasema. "Kwamba nitafia mle ndani, na wa kwanza kujua atakuwa yule wa kwenye simu, akikosa namba zake. Nitakayemwandika hapa atakuwa mwanangu. Atakaa chumba kile. Na siku nikifa, udongo wa kwanza atautia yeye. Kwetu udongo wa kwanza hutiwa na mkono mmoja. Niambieni ni nani aliyenirudisha, nimwandike."

Nyinyi mnajua adabu zetu. Mngetarajia dobi aseme aandikwe nesi, nesi aseme aandikwe bibi, bibi aseme hapana, huyu kijana. Mzee mwenyewe alitarajia hivyo. Tabibu alishafungua kalamu. Lakini hakuna aliyesukumia mwenzake. Wote watatu walitaka.

Kenani alianza, na yale ndiyo maneno mengi kuliko yote waliyowahi kumsikia akisema. Alisema dawa haina miguu. Ingekaa pale mkononi ilipochomwa mpaka leo kama si yeye kuisukuma. "Mzee, dakika kumi na nne mimi ndiye niliyekuwa moyo wako. Nikuachie vipi?" Kisha akatazama sakafu. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba chumba anacholala kina harufu ya sabuni na hakuna mtu aliyewahi kukigonga.

Nyamizi akasema mikono ilibonyeza dakika nane, tisa, moyo haukujibu. Ulijibu ilipoingia sindano ya tatu. Na ile ya tatu hakuitoa kwenye sahani tu. Siku sita mpaka shehena ilipofika alikuwa akisikia mlio wa pikipiki anajificha chooni anaomba mgonjwa aliyeletwa asiwe mtoto. Kama angeletwa mmoja, dhambi ingekuwa yake peke yake. "Niliuweka moyo wangu rehani kwa ajili yako, Baba. Na mimi sina wa kumwita baba kwenye mlima huu."

Bibi Keziya akasema hawa wote ni watoto wake na anawapenda, lakini siku ile mmoja alikuwa anakimbiza mikono na mwingine anamwaga dawa, na mzee yule angekufa katikati ya nguvu na dawa. Yeye ndiye aliyewafanya wawe kitu kimoja. Na pumzi zote zilizoingia, sabini na ushee, zilitoka mkononi mwake. Nyamizi, kwa uchungu, akamjibu kwamba hesabu haijawahi kuponya mtu. Bibi akasema, "Na kiganja changu hakijashikwa na mtoto wangu tangu nilipomzika wa mwisho. Usinifundishe kuponya."

Neno hilo likawakata wote.

Mzee akawatazama mmoja mmoja. Alisema tangu alipouachia mkono wa mkewe, mkono wa kwanza kumgusa ngozi na kukaa ulikuwa wa Kenani. Alisema hakuna mtu, hata ndugu wa tumbo moja, aliyewahi kumpa kitu ambacho yeye mwenyewe anaweza kukihitaji kesho, ila Nyamizi. Na alisema yeye maisha yake yote amekuwa mtu wa kuhesabu. Hakuwahi kufikiri kwamba atatokea mtu wa kumhesabu yeye. Basi akaomba kadi ilale naye mpaka kesho.

Naona wewe pale unanyanyua mkono. Najua. Utasema awaandike wote watatu, shauri liishe. Tabibu alishakataa. Chumba kina kitanda kimoja, kituo hakiwezi kufunga kwa sababu nesi na dobi wamehamia mlimani, na siku ya shida mgonjwa wa watu watatu hana mtu. Na wewe mama unasema nesi analipwa, ilikuwa kazi yake. Haya, mshahara wake unataja kujificha chooni? Dobi analipwa kufua. Kipofu halipwi, lakini kutolipwa si sifa, hata mimi silipwi. Mwingine atasema achukuliwe aliye mpweke zaidi. Nileteeni mizani ya kupimia hiyo.

Nisichopenda kukisema ni hiki. Siku ile ya kadi ilikuwa Alhamisi. Kesho yake Ijumaa, baada ya kazi, gunia la viazi lilikuwa pale sakafuni, na hakuja mtu. Kenani alikuwa chumbani kwake, Nyamizi kwake. Bibi Keziya alishika njia ya nyumbani, na wanaomjua wanasema siku ile alisikika anaanza hesabu ya hatua upya mara tatu.

Mzee Tweve alikuwa amekaa kitandani, koti amevaa, kadi juu ya goti, kalamu mkononi. Nyayo za mtu hazikusikika nje. Tabibu anataka kufunga mlango. Mstari ni mmoja, wa kutosha jina moja tu.

Basi kalamu hiyo nawapa nyinyi, na msiniangalie mimi. Kati ya mikono, dawa na hesabu, wewe ungemwandika nani? Na ukishaandika, hao wawili waliobaki, ungewagongea mlango uwaambie nini?